Gari lina nyota tano mtandaoni: je, na hili unaloonyeshwa Arusha?

Wateja wetu hapa gereji wamegawanyika. Wapo wanaokuja na simu mkononi, wameshasoma orodha za Wamarekani na Wajerumani na wanajua gari lipi limepewa alama ngapi kwa uimara. Wengine wanasema hizo orodha ni biashara za watu, kampuni za magari zinalipa, na gari zuri analijua fundi. Ubishi unaanzia kwenye benchi la kusubiria, na ukishapamba moto tunaitwa sisi tuamue.

Tuanze na huyo fundi. Usimwamini sana, hata sisi. Gereji inaona magari yanayoumwa. Mazima hayana shida na sisi. Ukituuliza ni gari gani tunalifungua mara nyingi tutakwambia IST, kwa sababu mji umejaa IST, si kwa sababu ni bovu. Subaru nazo hivyo hivyo: moja ikiunguza gasketi ya hedi mtaa mzima unapata habari, lakini zile zinazokwenda Moshi na kurudi bila neno hakuna anayezisimulia.

Orodha zenyewe hazipimi kitu kimoja. J.D. Power, kampuni ya utafiti ya Marekani, huwauliza watu walionunua gari likiwa jipya, likishafikisha miaka mitatu, kisha huhesabu matatizo kwa kila magari 100. Katika utafiti wa 2024 wastani ulikuwa matatizo 190. Unaweza kudhani Wamarekani wanaendesha mikweche, kumbe kwao simu ikikataa kuungana na skrini ya gari nalo ni tatizo, na mambo ya skrini na redio ndiyo yanayoongoza kwa malalamiko. Kwa kipimo hicho, magari mengi yanayoshuka bandarini kutoka Japani yangeanza na alama mbaya: redio inaishia 90 na inakuongelesha Kijapani. Na ni kweli kwamba kampuni ya gari ikishinda hulipia ili itumie tuzo hiyo kwenye matangazo. Hapo wabishi wetu wana hoja.

Consumer Reports, shirika la Marekani la kutetea wanunuzi, hawachukui matangazo kabisa, na magari wanayoyajaribu wanayanunua kwa fedha zao. Takwimu zao za uimara zinatoka kwa wanachama, wanaoulizwa gari limewasumbua nini katika miezi 12 iliyopita. TÜV, taasisi ya Ujerumani ya kukagua magari, haimuulizi mtu maoni. Inahesabu magari yaliyofeli ukaguzi wa lazima, yakiwemo yenye miaka 12 hadi 13. Hiyo inasogea karibu na hali yetu. Ila ukaguzi ule unatazama breki, taa, kutu, bushi na moshi. Giaboksi inayochelewa kushika gia haimfelishi mtu.

Kwa hiyo sisi hatusemi wanadanganya. Tunachosema ni kwamba gari lako huenda halimo. Land Cruiser ya 70, ambayo kampuni za utalii za hapa zinaitegemea kwenda Serengeti, haiuzwi Marekani, kwa hiyo usiitafute kwenye orodha zao. Noah, Probox na Hiace pia hutaziona.

Linalowaponza watu zaidi ni jina kufanana. Chukua RAV4 ile tunayoiita Kili Time. Mmarekani akiisifu, anasifu injini inayopuliza mafuta kwenye njia ya hewa, kabla ya valvu. Nyingi zilizouzwa Japani, ambazo ndizo zinazoletwa huku, zina injini ya 1AZ-FSE, yaani D4, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Mafuta hayapiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hivyo hakuna kinachozisafisha, na masizi yanajijenga pale mwaka hadi mwaka. Asubuhi kwenye baridi injini inatetema, mwenye gari anabadilisha plagi, anabadilisha koili, bado inatetema. Ana bodi ile ile ya Mmarekani ila injini ni nyingine kabisa. Soma namba ya injini kabla hujasoma nyota.

Halafu kuna umri. Anayejibu maswali ya J.D. Power ni mnunuzi wa kwanza wa gari la miaka mitatu. Wewe unaonyeshwa IST namba D ya 2005, iliyopita mikono kadhaa: mmoja aliweka kulanti, aliyefuata akamimina maji ya bomba, mwingine alikuwa anapeleka mzigo Mererani kila wiki na hakuwahi kubadilisha filta ya hewa. Hakuna utafiti wa Ulaya wala Marekani uliomhoji huyo.

Ndiyo maana tunakagua gari kabla hujalipa. Tunafungua rejeta injini ikiwa baridi. Maji yakiwa na rangi ya kutu tunaanza kuwa na wasiwasi na hedi. Oili ya giaboksi tunaitazama na kuinusa, ikinuka kuungua tunakwambia hapo hapo. Pedali ya breki iliyolika hadi ikawa laini, huku dashibodi inasoma kilomita 60,000, inatosha kutuonyesha kwamba kilomita zimerudishwa. Tunalinyanyua tuangalie bushi, bol jointi na shokapu, tunasoma kompyuta ya gari, kisha tunalipandisha Ilboru. Kule mlima ni mkali na barabara ina mawe, giaboksi yenye matatizo haijifichi.

Ombi letu moja: mwambie muuzaji asiliwashe gari asubuhi hiyo. Tutalifuata lilipo, tuliwashe wenyewe likiwa baridi. Tukikuta boneti ina joto, tunaahirisha hadi kesho yake na hatukutozi kwa safari hiyo. Akikataa kabisa kulikagulisha, tupigie kabla hujatoa hata arbuni.