Mafundi wa Dodoma, siyo kila kirusi ni cha kupigiwa Windows

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi niongee na mafundi kompyuta wa hapa mjini Dodoma. Ndugu zangu, kompyuta yoyote ikiletwa brauza inafungua ukurasa ambao mwenyewe haujui, jibu lenu ni moja tu, "hii virusi imekula Windows, inapigwa upya", yaani inafutwa na kuwekwa nyingine. Hata haijawashwa ikaangaliwa ndani, flashi imeshachomekwa.

Nina jirani yangu huku Nkuhungu, mama mtu mzima, ana kompyuta ya mezani nyumbani, watoto wanasomea na yeye anaandikia hesabu za kikundi chao cha vikoba. Shida yake ilikuwa hivi, akifungua Chrome anakuta ukurasa wa kutafutia ambao siyo Google, una jina la ajabuajabu, akiandika kitu anarushwa huku na huku mpaka anatua kwenye matangazo ya kubeti na yale ya hongera umeshinda simu, na kule chini pembeni ya saa matangazo mengine yanachomoza tu bila kuitwa. Akapeleka kwa fundi. Fundi kaformati diski nzima, C na D, hesabu za kikundi zikaenda na ripoti ya fildi ya kijana wake aliyeko UDOM nayo ikaenda. Kompyuta kurudi nyumbani, haikupita muda, ukurasa uleule huo hapo! Mama akawa ananiuliza, sasa baba, kilichofutwa kilikuwa nini?

Swali la maana kweli. Kilichofutwa ni mali yake, maana mgonjwa hakuwa Windows. Kirusi cha namna hii mara nyingi ni ekstensheni, kiprogramu kidogo cha nyongeza kilichojishikiza kwenye brauza, na kama umewasha sinki, ile setingi ya Chrome ya kukuletea vitu vyako kila kompyuta unayologini, basi ekstensheni nazo zinafuata akaunti yako ya Google. Unaweza ukaformati asubuhi na jioni, ukilogini tu inashuka tena na bukumaki zako.

Mlango wa pili, na hapa mafundi msininunie, ni flashi zenu. Windows mnayopiga haina leseni, mnaiamsha kwa kiprogramu cha kraki kinachoidanganya ionekane imelipiwa, na kraki ikigoma mnazima Defender, ile kinga ya virusi ya Windows yenyewe, kwanza ndo ikubali, mkimaliza mnaondoka mmeiacha imezimwa vilevile. Yaani mteja kaja na kirusi cha matangazo anatoka na kompyuta isiyo na mlinzi na ndani kuna programu ambayo hakuna anayejua ilitengenezwa na nani. Alafu akirudi mnamwambia "mama unaingia kwenye mitandao mibaya".

Hivi vitu siyo kwamba vinataka faili zako, vinataka hela ya matangazo. Kila ukitafuta kitu kupitia ukurasa wao kuna mtu analipwa. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilitoa taarifa kuhusu kirusi walichokiita Fireball, wakasema kinatoka kwa kampuni ya masoko ya Beijing inaitwa Rafotech na kwamba kimeingia kwenye kompyuta milioni 250 duniani. Microsoft walikuja kupinga hiyo idadi wakasema imezidishwa, ila jinsi kilivyokuwa kinaingia hakikuwa na maajabu, kilikuwa kinapanda mgongoni mwa programu za bure. Mtu anadaunlodi kiprogramu cha kubadili video kuwa audio, anabofya next next next finish, kumbe katikati pale kuna tiki ndogo inasema nakubali ukurasa wangu wa mwanzo ubadilishwe. Ukichagua Custom mara nyingi unaiona hiyo tiki na unaitoa.

Sasa kusafisha. Kwanza zima sinki. Fungua orodha ya programu zilizomo kwenye Windows uipange kwa tarehe, zile zilizoingia siku tatizo lilipoanza ambazo hukuziweka wewe, toa. Ingia kwenye ekstensheni za brauza, usiyoijua toa, hata kama inajiita msaidizi wa PDF. Alafu rudisha setingi za Chrome kwenye za mwanzo, hiyo haifuti bukumaki wala paswedi ulizotunza. Yale matangazo ya pembeni ya saa ni ruhusa za notifikesheni, kuna tovuti ilikuuliza "ruhusu?" ukaruhusu, unaingia kwenye setingi unaifungia. Watu wengi wanaishia hapa na wanakuwa wamepona.

Kama bado, angalia vitu viwili ambavyo fundi mwenye haraka haviangalii kabisa. Ikoni ya Chrome pale desktopu, bofya kulia uingie Properties, kwenye mstari wa Target ukikuta baada ya chrome.exe kuna anwani ya tovuti imeungwa kwa mbele, mwizi ndiye huyo, futa hako kakipande na ikoni uiache. Cha pili, shuka chini kabisa ya menyu ya Chrome, ukiona maneno "Managed by your organization" kwenye kompyuta ya nyumbani, jiulize, nyumbani kwangu nasimamiwa na shirika gani? Maana yake mara nyingi kuna programu imeandika amri kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la ndani la setingi, kwamba ekstensheni fulani isitolewe, ndo maana kitufe cha kuitoa hakibofyeki. Andika chrome://policy pale juu utaiona amri yenyewe, na hiyo ndiyo fundi anayejua rejista anaifuta. (Ila mwenye laptopu ya ofisi ya serikali kule Mtumba akiona hayo maneno asiguse, huyo anasimamiwa kweli, amwone mtu wake wa TEHAMA.)

Mwisho piga AdwCleaner, programu ya kusaka virusi vya matangazo. Ni ya bure, ni ya kampuni ya Malwarebytes tangu 2016, ni ndogo haimalizi bando, na haihitaji hata kuinstoliwa, ila ichukue kwenye tovuti yao wenyewe siyo kwenye vitovuti vya daunlodi ambavyo ndivyo vilivyokuletea ugonjwa. Defender nayo ina skani ya kufanya kabla Windows haijawaka, inachukua kama dakika 15. Ukishakuwa safi, badilisha paswedi, ya barua pepe kwanza. Na mkiwa bado hamjasafisha, jamani msitafute ukurasa wa mkopo wa chuo au wa ajira serikalini kupitia hiyo brauza, andika anwani mwenyewe na uangalie inaishia na .go.tz.

Sisemi Windows isipigwe kabisa. Kuna virusi vinaiba paswedi, vinafunga faili vikadai hela, huko hata mimi nitasema ipigwe, ila faili zinatolewa kwanza kwenye diski ya nje, na mwenye mali anaulizwa, "mama kuna nini humu unakihitaji?" Swali hilo halimalizi hata dakika moja.

Kuna fundi mmoja nilimbana akanijibu kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Akasema mzee, mteja akija nikamsafishia bila kupiga Windows, anawasha anaona kompyuta ileile na picha yake ileile ya mwanzo, anasema hujafanya kitu, halipi. Nikipiga Windows anaona sura mpya anatoa hela bila maneno. Hapo nikamwelewa, na sisi wateja tuna letu. Kwa hiyo mafundi bandikeni bei mbili ukutani, bei ya kusafisha brauza na bei ya kupiga Windows, zikiwa sawa hakuna neno, mimi ya kusafisha nailipa bila kubagein na jirani yangu kasema naye angeilipa hata mara mbili.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma