Kwa Neema, kabla hujaingia wodini

Mpendwa Neema,

Salamu, na hongera kwa kumaliza miaka ya darasani. Umeuliza kama kuficha jina la mgonjwa kunatosha ili kesi itumwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Hakutoshi, shoga yangu, na mara nyingi hata hilo jina lenyewe huwa halijafichika.

Chukua picha ya eksirei iliyopigwa kwa simu. Konani pana jina, umri, tarehe na namba ya faili. Wengi huipachika kwenye PowerPoint, wakakata ile kona, wakaridhika. Kumbe PowerPoint haijafuta kitu, imekificha tu kile kipande. Atakayepokea slaidi akirudisha picha ilivyokuwa mwanzo, jina hilo hapo. Mstatili mweusi uliowekwa juu yake ndio kabisa, unasogezwa kwa kidole. Fanya hivi: kata picha kwanza, piga skrini shoti ya kilichobaki, kisha hiyo skrini shoti ndiyo iingie kwenye slaidi. Ile kalamu ya simu ya kukolezea maandishi usiitumie kufutia, kwa sababu inapitisha mwanga. Mtu akiongeza mwangaza wa picha anasoma herufi moja moja.

Tazama pia pembeni: shuka lenye muhuri wa hospitali, kovu, tatuu, kitenge cha ndugu anayemuuguza. Na maneno nayo yanataja watu. "Mtoto wa miaka 6 kutoka kijiji fulani, kang'atwa na mamba Jumanne" hana jina, lakini kijiji kizima kinamjua. Andika "mtoto wa umri wa shule, jeraha la kung'atwa na mnyama", siku na kijiji uviache. Kesi adimu sana wakati mwingine haifichiki kwa namna yoyote, na hiyo haitumwi.

Utaambiwa WhatsApp ina ulinzi. Ni kweli, ujumbe umefungwa ukiwa njiani. Ukishafika, kwenye kundi la watu 80 picha inaweza kujihifadhi kwenye galari za simu 80, na baadhi ya simu zimewekwa zipandishe picha za galari Google Photos. Kuanzia hapo anaiona mdogo wake mtu, anaiona na fundi simu. Kwako zima upakuaji wa picha wa kiotomatiki na uzuie picha za WhatsApp zisiingie galari. Nakala rudufu ya mazungumzo nayo ina ufunguo wake unaowashwa kando. Usipouwasha, haina ulinzi ule wa ujumbe. Na usitume picha kama hati: ikienda hivyo hubeba saa iliyopigwa, na mahali pia kama ulikuwa umewasha lokesheni.

Kuhusu ridhaa, mgonjwa kutikisa kichwa akiwa kitandani ni kitu dhaifu. Wewe umevaa koti jeupe, yeye anasubiri dawa; atakataaje? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo mambo yaende kwa maandishi, kupitia msimamizi wako, kwa Kiswahili anachokielewa. Kufundishia darasani na kuweka mtandaoni ni ruhusa mbili tofauti. Aambiwe waziwazi kwamba akikataa, matibabu yanaendelea vilevile. Kwa mtoto, anasaini mzazi au mlezi.

Jambo dogo: toa hiyo "Dr" kwenye wasifu wako wa Instagram. Najua mtaani wameshaanza kukuita dokta, ila anayekuuliza dozi inboksi hajui kwamba bado unasoma. Mwelekeze kituo cha afya.

Zile slaidi za Alhamisi nitumie nizipitie, zikiwa zimeshasafishwa. Picha za awali zifute, kisha ufute na kapu la takataka. Kwenye iPhone hukaa humo hadi siku 30, na Google Photos siku 60 zikiwa zilishapandishwa.

Wako,
Zuhura