Usianze na maji ya moto: kuosha mashine ya kukamulia asali

Wafugaji wengi wanaokodi mashine zetu hapa Sikonge huzirudisha zimeoshwa, na tunawashukuru kwa dhati. Ila nyingi zimeoshwa kwa maji ya moto, na hapo ndipo kazi inapoharibika.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi. Ukimwagia maji yaliyochemka pipa lenye mabaki ya masega, nta hulainika, ikatambaa ukutani, ikaingia kwenye matundu ya wavu na meno ya gia, kisha ikapoa na kuganda humohumo. Sabuni haiutoi utando huo, na asali iliyonaswa chini yake huita sisimizi.

Anza na maji baridi. Asali yenyewe huyeyuka bila moto. Jaza pipa, liache lilowe usiku kucha. Asubuhi vipande vya nta utavikuta vinaelea. Viopoe kwa chujio uviweke, maana nta ina soko lake. Halafu sugua kwa brashi laini, si kwa steliwaya, kwa sababu uchafu hujificha kwenye mikwaruzo. Maji ya moto yaje mwisho, nta ikishaondoka yote.

Gundi ya nyuki, ule utomvu wanaozibia nyufa za mzinga, haisikii maji. Ikiwa baridi hukatika vizuri, hivyo ikwangue kwenye viunzi na visu alfajiri, jua halijapanda. Inayobaki hutolewa kwa maji ya moto yenye magadi. Vaa glavu, na usiyatumie kwenye vyombo vya alumini kwani huliwa.

Maji uliyooshea yafukie shimoni. Ukiyamwaga wazi karibu na manzuki, yaani pale ilipo mizinga, nyuki wa kila mzinga watayagombania, na magonjwa husambaa kwa njia hiyohiyo. Glavu na ovaroli nazo zifuliwe: mwiba huacha harufu inayowachokoza nyuki safari inayofuata.

Kukausha kusifanyiwe haraka. Asali ikizidi asilimia 20 ya maji huchachuka kwa urahisi, na maji yaliyotuama chini ya pipa yanatosha kuharibu ndoo ya kwanza ya msimu ujao. Liinamishe juani mpaka likauke kabisa, kisha lifunike kwa kitambaa safi.

Mashine yenye nta kwenye gia usiifungue mwenyewe kwa bisibisi wala kuipasha moto. Ilete dukani, hata kama hukuinunua kwetu. Tunaifungua mbele yako, tunaisafisha, na nta itakayotoka unaondoka nayo.