Barua kwa mwanangu: Swali lako la maneno manne

Kihesa, Iringa
Jumapili jioni

Mwanangu,

Kamwene, mama. Mimi na mama yako wazima. Mdogo wako naye mzima, ila kakohoa wiki nzima kwa huu upepo wa Septemba na vumbi lake.

Nimeshika kalamu kwa sababu tukiongea kwa lugha ya alama kwenye simu ya video mikono yangu inapata kigugumizi. Jana nilitaka kukusimulia matembezi, nikaishia kukuonyesha "taa" na "miguu inauma", nawe ukacheka mpaka simu ikakuponyoka. Mdogo wako atazipiga picha kurasa hizi akutumie huko chuoni Patandi, halafu karatasi zenyewe zitakuja na basi.

Unakumbuka Julai nilivyokutumia mpango wetu kwa mbwembwe. Kamati ya watu tisa, wazazi na majirani, matembezi ya hisani kwa ajili ya shule yako ya zamani ya viziwi, fulana 300, mgeni rasmi, na fedha zote zikanunue shime sikio, vile vifaa vya kusaidia kusikia. Nilitegemea unipongeze. Ukajibu maneno manne: "Baba, mmewauliza viziwi wenyewe?"

Nilikasirika siku mbili, sikufichi. Niliona mtoto niliyemsomesha ananifundisha kazi. Siku ya tatu nikaenda kutafuta kitu stoo, nikakiona kile kihenge cha zamani cha bibi yako, na hasira ikaniisha.

Ulikuwa na miaka saba nilipouza ng'ombe nikakununulia shime sikio. Huko nilikokinunua niliambiwa mtoto atasikia na kuongea. Hakuna aliyeniambia kwamba sikio la mtoto linakua na ile plastiki ya ndani hutengenezwa upya, kwamba betri zake si hizi za redio, wala kwamba kuna uziwi ambao kifaa hakiufikii, kinakuletea kelele tu zisizo na maana. Wewe ulivumilia mwezi baada ya mwezi ukilia. Kisha kikapotea. Tulikitafuta nyumba nzima, na siku ya kupukuchua mahindi nikakikuta ndani ya kihenge, chini kabisa, kimejaa vumbi. Ng'ombe mzima yuko ndani ya kihenge! Nami nilitaka kuwanunulia wengine 40 bila kumpima mtoto hata mmoja.

Basi nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu aliwaita wanafunzi wa darasa la sita na la saba, akawaeleza kwa alama kwamba mzee huyu anataka kujua mnahitaji nini. Walibishana kwa mikono, mimi nikiwa kama mgeni wa ng'ambo. Binti mmoja akasimama, akaenda ukutani, akazima swichi. Kisha akaficha mikono yake mgongoni, akatutazama tu. Mwalimu akanitafsiria: "Umeme ukikatika usiku, sote tunanyamazishwa."

Wanaosikia wakiwa gizani wanaendelea na soga zao. Wao taa ikizimika mazungumzo yameisha hapo hapo. Mtoto akiumwa tumbo saa nane usiku hawezi kumweleza mwenzake, anampapasa tu. Wakubwa wameshajifunza kuandikiana viganjani kwa kidole, lakini wa darasa la kwanza hata herufi hawajazijua.

Hapo nikakumbuka likizo moja, ulikuwa darasa la pili. Tulikuwa bado hatujavuta umeme. Ulikataa kibatari kizimwe, ukakikumbatia, nami nikakuchapa kwa sababu ya mafuta ya taa. Nilidhani ni deko, kumbe ulikuwa hujamaliza kuongea na mama yako. Nisamehe kwa usiku ule. Hili nisingeweza kulisema kwa mikono mbele ya kamera, ndiyo sababu nyingine ya kalamu.

Kurudi kwenye kamati na wazo la taa za sola mabwenini, ugomvi. Taa za sola hazipendezi kwenye picha, mmoja alisema waziwazi. Kwenye fulana ndiyo tukakesha kabisa. Fulana 300 kwa shilingi 11,000 ni milioni 3 na laki 3, fedha za kuwasha mabweni mawili na zaidi, zigeuke nguo za kulimia msimu ujao. Aliyezitetea kwa nguvu ana cherehani na mashine ya kuchapa pale mjini. Sikusema kitu, ila nilijua. Tukaishia kwenye tepe za kitambaa za kufunga mkononi, jumla laki moja.

Bango nalo. Rasimu iliandikwa "Tuwasaidie bubu wetu". Nikaikataa, wakaniuliza kuna ubaya gani, wazee wetu wote walisema hivyo. Ni kweli walisema. Babu yako alikuwa na dada kiziwi, aliyechunga mbuzi kule Kilolo mpaka uzeeni. Nyumba nzima tulimwita Bubu. Jina lake halisi nililisikia siku ya mazishi, padri alipolisoma, nikageuka kumuuliza jirani anazikwa nani. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na mimi nikapiga hesabu ya umri wa shangazi yangu, nikaona mlango ulifunguliwa yeye akiwa mtu mzima tayari. Basi bango wakalichora wanafunzi wenyewe. Mikono tu, mingi, ya rangi rangi, na neno moja: TAA.

Polisi nilipeleka barua mapema, maana sheria inataka wapewe taarifa saa 48 kabla, na matembezi ya hisani kwa macho ya polisi ni maandamano yenye maji ya chupa. Walitupokea vizuri. Trafiki alituuliza swali moja tu: hawa watoto honi wataisikiaje? Njia yetu ya kwanza ilikuwa tuanzie Ipogolo, tupande mlima hadi mjini, na pale chini ndipo yanapopita malori ya Tunduma usiku na mchana. Watu wazima tisa na hatukuwaza hilo! Tukahamishia Uwanja wa Samora, kupitia mjini hadi kwenye jiwe la Gangilonga. Kila safu ikapewa mtu wa pembeni mwenye kitambaa. Kikiinuliwa chekundu wote wanasimama, kijani wanaendelea. Katika mazoezi watoto walisimama kama askari. Sisi tunaosikia ndio tuliowagonga visogoni, maana tulikuwa tunapiga soga.

Mimi nilifanya mazoezi ya peke yangu pia. Nilikwenda Neema Crafts, kwenye mgahawa wenye wahudumu viziwi, mahali palipoanzishwa mwaka 2003 na ambapo nimepita mlangoni miaka yote hii bila kuingia. Niliagiza kahawa kwa alama. Nikaletewa chai. Kosa langu, nikainywa.

Siku yenyewe ilikuwa jana. Saa kumi na mbili asubuhi watoto walikuwa uwanjani, wamejikunyata kwa baridi, uji wa ulezi ukawaokoa. Mgeni rasmi alitarajiwa saa mbili. Saa tatu hajaonekana. Kamati ikasema kuondoka bila mgeni rasmi ni utovu wa adabu, tusubiri. Mwalimu mkuu hakujibu, aliinua kitambaa cha kijani, na watoto 112 wakaondoka zao. Ikabidi tuwafuate. Mgeni rasmi alitukuta Miyomboni, na haki yake nimpe, alishuka garini akatembea na sisi mpaka mwisho, na viatu vyake vile.

Matarumbeta yalikuwepo. Kulikuwa na mjumbe aliyesema matarumbeta kwa viziwi ni kumpigia mbuzi gitaa. Angewaona jana! Waliligombania lile goma kubwa kutembea karibu nalo. Kijana mmoja alitembea kilomita nzima ameweka kiganja ubavuni mwa ngoma, kama anayepima homa ya mtoto.

Tulipofika Gangilonga nilikukumbuka sana. Mwalimu wa historia alieleza kwamba jina hilo kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na kwamba Mkwawa, yule aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, inasimuliwa alikuwa akikaa hapo kutafakari. Nikawasimulia watoto, kupitia kwa mkalimani, ulivyosema wewe siku mlipoletwa hapo na shule: "Jiwe linaongea, na hata nyinyi mnaosikia hamlisikii." Mikono 200 ikapanda juu ikitikisika, ndiyo makofi ya viziwi. Mama yako alikuwa bado anapiga makofi ya kawaida, binti mmoja akamshika mikono akamwinulia.

Sasa fedha, maana najua utauliza. Taslimu na zilizoingia kwenye akaunti ya shule ni shilingi 5,870,000. Tulikataa kupokea kwa namba ya simu ya mtu, ikatupunguzia maneno. Ahadi ni jambo jingine. Ziliandikwa milioni 2 na laki 4, mpaka leo imelipwa laki 6 na nusu, nayo imo humo. Matumizi ni matarumbeta 150,000, maji na ndizi 210,000, tepe 100,000. Fundi wa sola anataka 5,200,000 kwa mabweni manne, betri na kazi. Inabaki 210,000, na hiyo mwalimu mkuu ameiombea tochi za kuchaji kwa matroni. Zaidi ya hapo tulipata magunia manne ya mahindi na madebe saba ya maharage. Bibi mmoja wa Mlandege alileta kuku hai, akasema yeye hana simu ya kutumia hela.

Fundi anaanza Jumatano. Nimeomba niwepo.

Jambo la mwisho. Wakati wa kurudi wale wa darasa la saba walinizunguka, wakashauriana, wakanipa jina la alama. Mwalimu amekataa kunieleza maana yake, anacheka tu. Hapa haliandikiki, kwa hiyo nitakuonyesha ukija Desemba, na kama ni tusi uniambie taratibu.

Mama yako anauliza kama lile koti la sufu limekufika, na kwa nini hulivai kwenye picha.

Baba yako