Lami isituondolee treni ya Mpanda

Ndugu Mhariri,

Tangu lami ya Tabora–Koga–Mpanda ikamilike, nimekuwa nikisikia watu hapa mjini, wengine wenye vyeo vyao, wakisema treni yetu imepitwa na wakati kwa sababu basi linawahi kufika. Kuwahi linawahi, sibishi. Ila wanaosema hivyo wanaitazama reli wakiwa wamesimama stesheni ya mwisho.

Lami imepita Sikonge na Koga. Reli haina habari na huko. Inaachana na njia ya Kigoma pale Kaliua, inavuka mto Ugalla, inakata pori hadi Katumba, ndipo iingie Mpanda, kilomita 210. Basi la Tabora halimpitii mtu wa kandokando ya Ugalla hata akikesha akilisubiri.

Na njia hii haikujengwa kwa ajili ya abiria. Mwingereza aliitandika baada ya Vita Kuu ya Pili ili asombe madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira, ikafunguliwa mwaka 1950. Mgodi haukudumu. Reli ikabaki, na watu wakaipa kazi nyingine. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Katumba, wakafyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku. Wengi wao na watoto wao leo ni raia wenzetu. Kwa wakulima wa namna hiyo, treni ikisimama ndiyo gulio: gunia linapanda, dumu la asali linapanda, kuku nao wanapanda. Konda wa basi akiona gunia anakunja uso kabla hajataja bei.

Bandari ya Karema kwenye Ziwa Tanganyika sasa ipo, na mpango wa kuifikisha reli huko ziwani unatajwa. Heri. Lakini hesabu za mizigo ya Kongo zisimeze stesheni ndogo. Stesheni hizo zinahitaji vitu vya kawaida kabisa: choo, taa, ratiba ubaoni, na mtu wa kuwaambia abiria kwamba treni imechelewa ili wasilale sakafuni na watoto.

Ombi langu kwa wahusika ni moja. Kabla ya kupunguza siku za treni au kufunga kituo chochote cha njia hii, waje wahesabu abiria na magunia Ugalla na Katumba, wasiishie kwenye dirisha la tiketi la Mpanda.

Msomaji wako,
Mpanda, Katavi