Kikao cha Gurnah: muda umesogea

Assalaam aleikum, habari za jioni wapendwa. Kikao cha Jumamosi cha kumjadili mwandishi Abdulrazak Gurnah sasa ni saa 10 alasiri, si saa 8. Mahali ni pale pale maktaba.

1. Someni *Peponi*, riwaya ya Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, taratibu hasa mwanzoni. Mkiruka deni la baba, hamtaelewa kwa nini Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz.
2. Msichanganye miaka: Gurnah alizaliwa Unguja 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi, riwaya ya kwanza 1987, Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021. Kwa miaka mingi alikuwa akifundisha pia, na hilo tulijadili vizuri.
3. Chai: shilingi 3,000 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi usiku.

Tafadhali jibuni leo: "nipo" au "sipo", tujue idadi ya viti.