Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyumba ya Wageni Tuliyoikosa Kinghorn

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulifanya ziara mbili. Ile ya Leith, bandari ya Edinburgh, iliharibiwa na mvua, tuiache. Ya Kinghorn, mji wa pwani ya Fife huko Uskoti, bado inazungumzwa, hasa na wale waliolalamika kwamba mwenyekiti aliwapeleka Fife kutazama nyumba isiyokuwepo.

Ni kweli. Tulikwenda kutafuta ilipokuwa nyumba ya wageni ya abiria wa kivuko, tusipate hata kibao. Lakini tukumbuke ilivyoishi. Watu walivuka mlango wa mto Forth kutoka Leith hadi Kinghorn kwa mashua za tanga, na tanga halina ratiba. Upepo ukigoma au bahari ikichafuka, abiria hukaa. Anayekaa hula, akichelewa hulala, na farasi wake naye anataka zizi na majani. Ucheleweshaji ndio uliokuwa mtaji wa mwenye nyumba. Wenzetu waliokulia karibu na kivuko cha Likoni walilielewa hili kabla sijamaliza kueleza.

Tarehe 18 Agosti 1773 walipita hapo Samuel Johnson, mtunga kamusi wa London, na rafiki yake James Boswell. Katikati ya maji waliteremka kisiwani Inchkeith kutazama ngome iliyobomoka, wakakuta ng'ombe na mibaruti. Kutoka Kinghorn walikodi gari la farasi hadi St Andrews, wakafika usiku.

Kisha kivuko kikahama. Katika miaka ya 1840 abiria walichukuliwa na Burntisland, mji wa jirani, na mwaka 1847 reli ikaanzia huko. Garimoshi lilipita Kinghorn, ila halikumlaza mtu. Mwaka 1850 Burntisland ikapata Leviathan, meli iliyovusha mabehewa ya mizigo juu ya reli zake. Mitambo ya kuyapakia ilibuniwa na Thomas Bouch, yuleyule ambaye daraja lake la reli la mto Tay lilianguka mwaka 1879.

Tulichokipata ni mawe ya maili. Kando ya barabara za Fife bado yapo yanayohesabu umbali hadi Pettycur, gati la Kinghorn. Mwanachama mmoja alipiga picha manne. Mimi nilihesabu hiyo kuwa siku nzuri.

Mwakani napendekeza South Queensferry, mji mwingine wa kivuko cha Forth. Kivuko cha huko kilikoma mwaka 1964, daraja la barabara lilipofunguliwa, lakini Hawes Inn, nyumba ya wageni ya huko, ingali imesimama chini ya daraja la reli. Safari hii mtaiona nyumba. Nauli apewe mweka hazina mapema, tafadhali, si mlangoni pa basi.